Nguzo za Shemeji

Paa lilianguka mchana, Mama Mistari akiwa na nywele za mteja vidoleni.

Lilikuwa limeanza kulia mapema. Tangu lisimamishwe hapo uani lilikuwa na tabia ya kunung'unika kila upepo unapopita, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ndivyo alumini ilivyo, ina sauti yake. Siku hiyo mvua ilikuja na upepo wa kusukuma. Maji yakajaa juu badala ya kuteremka, na bati likaanza kushuka tumbo kama godoro bovu. Mama Mistari aliinua macho akaona ufa mwembamba ukikimbia kwenye lipu, pale paa lilipokutana na ukuta wa nyumba. Akafungua mdomo aseme, "Baba, sogea," lakini hakuwahi. Kipande cha lipu kiliruka, boriti ikaachia ukuta, na upande mzima ukaja chini pamoja na maji yake yote.

Baba mkwe wake alikuwa amekaa upande huohuo, kwenye kiti chake, redio mapajani.

Mteja, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama kama fagio, ndiye aliyesaidiana naye kuinua bati. Walimkuta mzee amelala ubavu, ameloa chapachapa, macho wazi, anahema kwa taabu. Redio ilikuwa bado inaongea chini yake.

"Msinishike bega," alisema. "Kwingine kote shikeni, bega tu niachieni."

Mtulinga, ule mfupa wa kuelekea begani, ulikuwa umevunjika. Kwenye zahanati ya mtaa walimfunga mkono kifuani kwa kitambaa cheupe, na nesi mkuu, mama mmoja mrefu aliyezoea kuuliza huku anafanya kazi, akamuuliza ilikuwaje.

"Upepo umeniangushia paa, mwanangu," mzee alisema. "Upepo tu."

Mama Mistari akamgeukia. Mzee akatazama ukuta.

*

Jina la Mama Mistari alipewa na wateja. Mistari aliyoigawa kwenye vichwa vyao ilinyooka hivi kwamba mmoja alisema ukipotea njia, shika mstari mmoja wa kichwa chako utakufikisha nyumbani. Alisukia uani kwake, na kwa muda mrefu jua na mvua ndivyo vilivyompangia kazi. Ndipo akaamua kuweka paa la alumini. Ng'ambo ya barabara, jirani yake mshonaji, Mama Mapazia, alikuwa nalo, na halikuwa limewahi kumsumbua. Mama Mistari alikwisha fika hadi kwenye karakana iliyolitengeneza, akaongea nao, kabla ukoo wa mume haujasikia.

"Yaani unampelekea mgeni riziki, na shemeji yako yupo?" alisema shangazi wa mumewe, aliyekuja siku hiyohiyo bila hata kuvua mtandio. "Sisi tumekukosea nini?"

Shemeji mwenyewe alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wa mzee. Watu walimwita Mng'aro kwa sababu kila alichouza kilikuwa na mng'aro. Alianza na simu, akaja kwenye vioo vya magari, na sasa alikuwa fundi wa mapaa ya alumini, ana kofia ngumu ya njano na kibao chenye namba yake. Alikuja na kipande cha mfano kwenye mkoba.

"Shika mwenyewe, shemeji. Usiniamini mimi, uamini mkono wako."

Alikishika. Kilikuwa kizito, kinene, na ukikitazama kwa ndani kilikuwa na vijikuta vidogo vidogo vilivyoshikana kama sega la nyuki. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia. Akampa kazi, na akiba yote ya vidole vyake ikaenda humo.

Siku ile ya mvua, mzee akiwa kwenye kitanda cha zahanati, Mama Mistari alirudi nyumbani mbio kumchukulia nguo kavu. Akakuta lango liko wazi. Mng'aro alikuwa uani, amechuchumaa kwenye matope kando ya nguzo iliyolala, bisibisi mkononi.

Mama Mistari alidhani anatafuta kitu cha baba yake, kiatu au redio. Akasogea. Mng'aro alikuwa anafungua kibao chake cha tangazo. Alikitoa, akakifuta kwa kiganja, akakitia kwapani, na hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Ah, shemeji! Pole sana. Mzee anaendeleaje?"

Mama Mistari alimtazama hivi hivi, kama mtu anayetazama nyoka kwenye kabati la vyombo.

"Kazi ya Mungu hiyo," Mng'aro aliendelea. "Upepo ule ungeng'oa hata mlima. Nashukuru haikuwa zaidi."

"Umekuja kumuona baba yako au umekuja kuona namba yako ya simu?"

"Shemeji, hasira hizo..."

"Niambie. Umeanzia wapi, zahanati au hapa?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba njia, akapita pembeni yake na kibao chake kwapani.

*

Kesho yake alianza kusafisha uani. Vipande vya lipu, vioo vya wateja vilivyovunjika, chanuo, na pini za nywele zilizotapakaa kila mahali. Kwa pini alikuwa na sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Kila jioni huiburuta sakafuni na pini hurukia zenyewe. Alikuwa anaiburuta hivyo, akili iko kwa mzee, sumaku ilipoacha pini na kugonga nguzo, tk, ikang'ang'ania.

Akaivuta. Ikabanduka kwa nguvu. Akaisogeza tena, ikarukia.

Mama Mistari hakuwa fundi wa vyuma, lakini sufuria za alumini alikuwa nazo jikoni, na sumaku hiyo aliwahi kuisahau ndani ya mojawapo bila kushika chochote. Akaenda kuleta sufuria kabisa, asije akajidanganya. Sumaku iliteleza juu yake kama juu ya sahani ya udongo. Akarudi kwenye nguzo. Tk.

Akachukua kitana chenye mkia wa chuma, akakwangua. Rangi ya fedha ilitoka kama gamba. Chini yake palikuwa na kutu nyekundu, na kutu yenyewe haikuwa ya jana. Akakwangua zaidi, akaacha mstari mrefu ulionyooka tangu usawa wa kiuno hadi chini, kwa hasira, ila kwa mkono uleule wa kugawa nywele.

Bati la juu lilikuwa alumini kweli, sumaku haikulitaka. Lakini alipolibonyeza kwa kidole gumba lilibonyea, na halikurudi. Mkebe wa soda una ubishi kuliko hilo. Hakukuwa na sega la nyuki wala kijikuta. Lilikuwa ngozi tupu. Na miguu ya nguzo, ile aliyoambiwa imezama kwenye zege, ilikuwa imeng'oka pamoja na vigae vya sakafu, kila mguu umebeba kigae chake kama kiatu. Skrubu hazikuwa zimepita kigae. Za ukutani nazo ziliishia kwenye lipu, hata tofali hazikuligusa.

Alivuka barabara jinsi alivyo, sumaku mkononi, matope miguuni.

"Mama Mapazia, naomba nilitazame paa lako."

"Litazame, mama, limekukosea nini?"

Upepo uleule ulikuwa umepita hapo. Mvua ileile. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na barabara ambayo kuku anaivuka bila haraka. Chini ya paa la Mama Mapazia vitambaa vilikuwa vimekunjwa vikavu, na cherehani iko palepale ilipokuwa siku zote. Mama Mistari aligusisha sumaku kwenye nguzo, ikaanguka miguuni pake. Akaijaribu nguzo ya pili, ikaanguka. Akapanda juu ya stuli akabonyeza paa kwa dole gumba, halikujali. Kwenye ukingo aliona unene wake, mabati mawili yamekumbatia sponji ngumu, hata mvua ikipiga juu mazungumzo hayakatiki. Paa liliinama kidogo kuelekea kwenye mfereji, kwa hiyo maji hayakuwa na nafasi ya kukaa. Bolti za ukutani zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, nene kama kidole, zimeingia kwenye mkanda wa zege wa nyumba. Na miguu ilikuwa imeanza chini kabisa, ndani ya shimo lililomwagwa zege, sakafu ikajengwa kuizunguka.

"Mbona unalia?" Mama Mapazia aliuliza.

"Silii," alisema Mama Mistari, akajifuta. "Nina hasira, na hasira yangu haina sehemu nyingine ya kutokea."

*

Mume wake aliendesha basi la wanafunzi, na kwa tabia alikuwa mtu wa breki kuliko mafuta. Alisikiliza yote. Alibonyeza bati mwenyewe, akaona alama ya kidole chake imebaki. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

"Sasa unataka nifanye nini? Ni mdogo wangu."

"Na aliyevunjika ni baba yako."

"Nitaongea naye."

Kuongea kwenyewe kukawa kikao. Mzee alikuwa amesharudi nyumbani, amewekewa mito kwenye kochi. Shangazi alikaa karibu naye, na Mng'aro akakaa mkekani, chini kabisa, kwa unyenyekevu ambao Mama Mistari aliuona umezidi kidogo, kama sukari iliyowekwa kuficha chai mbaya.

"Mimi nakubali paa limeanguka," alisema Mng'aro. "Nitalirudisha bure. Nguzo zenyewe hazijaharibika, nitazichukua nikazinyooshe, nalisimamisha tena."

"Nguzo zile zile?" aliuliza Mama Mistari.

"Ndiyo, shemeji. Ni alumini nzuri."

"Sumaku inazishika."

Mng'aro akapepesa macho, kisha uso ukamng'aa.

"Hiyo ni alumini ya kisasa. Ina chuma ndani, kuongeza nguvu."

"Alumini ina chuma ndani."

"Teknolojia, shemeji."

"Shemeji, mimi ni msusi. Mtu akija na wigi la nailoni akaniambia ni nywele zake halisi, za kisasa, zina plastiki ndani kuongeza nguvu, nifanyeje? Nimsuke au nimpeleke kwa daktari?"

Mume wake alikohoa kuficha kicheko. Shangazi hakuficha kitu.

"Inatosha! Wewe mwanamke, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi. Jembe ninalo. Ila shamba lenyewe ndilo hili, na aliyelala humo ni baba mkwe wangu ninayemuogesha. Nikalime wapi?"

"Baba mwenyewe amesema ni upepo!"

Wote wakamtazama mzee. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu. Alikuwa anamtazama kitinda mimba wake pale mkekani, na Mama Mistari aliona kitu machoni mwake kikaomba, kikamwomba yeye.

"Yaishe," mzee alisema. "Watoto wangu, naomba yaishe."

Mama Mistari alinyamaza. Si kwa kuwa yameisha. Alinyamaza kwa kuwa hakujua jinsi ya kugombana na mgonjwa anayemhurumia aliyemuumiza. Mng'aro alikuja na mkokoteni akachukua nguzo na mabati. Hakurudi na nguzo wala mabati wala habari. Mama Mistari akarudi kusukia juani, wateja wakiwa wamejitanda taulo kichwani, na kila alipokutana na majirani walimuuliza lile paa zuri limekwenda wapi. Alichoka kujibu. Usiku na mchana alikuwa anajibishana na Mng'aro kichwani, akimshinda kila mara, na kila mara akibaki na ukuta uliobanduka lipu.

*

Ikafika siku ya kumrudisha mzee zahanati akatazamwe bega. Walikwenda taratibu, mzee ameegemea mkono wa mkwewe. Walipokata kona walisikia nyundo.

Mbele ya zahanati, pale kina mama huketi na watoto wao kungoja zamu, pamesimama nguzo mpya zinang'aa. Mabati yalikuwa yamepigwa tayari upande mmoja. Jua lilikuwa kali, na kina mama hawakungoja kazi iishe. Walikuwa wamesogeza mabenchi chini ya upande ule, wananyonyesha, wanawapepea watoto kwa kanga na kwa kadi. Juu ya ngazi alikuwa kibarua mmoja anapiga skrubu. Chini yake, kofia ya njano kichwani, alikuwa Mng'aro.

Hakuwaona. Alikuwa amewapa mgongo, anaelekeza.

Nesi mkuu alitoka akawaona. "Mzee wangu, karibu! Kaeni hapo kivulini kidogo, namalizia mtu mmoja. Mmeona tunavyopendeza? Siku zote wanakaa juani na vichanga. Huyu fundi ana kazi nzuri sana, alituonyesha picha." Akachomoa simu kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, akaifungua, akamsogezea mzee.

Mama Mistari aliitazama begani kwa mzee. Ilikuwa uani kwake. Vioo vyake, viti vyake, kamba yake ya nguo imesogezwa pembeni isionekane. Na katikati, chini ya paa, ameketi mzee mwenyewe na redio yake, anacheka na mpiga picha. Anacheka vile baba anavyomchekea mwanawe.

Mzee aliishika ile simu kwa mkono wake mmoja.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ee!" Nesi akainama kutazama. "Kumbe! Ndiyo maana sura... Lakini mzee, si ulisema wewe uliangukiwa na..."

Hakumaliza. Mama Mistari alikwisha waacha. Alikuwa ameiona nguzo ya karibu. Kutoka usawa wa kiuno hadi chini, ndani ya rangi mbichi ya fedha, kulikuwa na mstari mrefu ulionyooka. Brashi ilikuwa imepita juu yake, lakini haikuujaza. Alipeleka kidole akaufuata mpaka mwisho, kama mtu anayesoma jina la ndugu kwenye orodha ya waliofariki.

Zilikuwa ni zilezile.

"We!" alipiga kelele, na hakujua kama anamwita mtu au anamfukuza mbwa.

Mng'aro akageuka. Rangi ikamtoka usoni, kisha kicheko kikaja kuziba nafasi yake. "Shemeji! Baba! Karibuni site..."

"Nguzo zilizomvunja baba yako umekuja kuwasimamishia watoto wachanga?"

"Shemeji, punguza sauti. Hii ni kazi ya watu."

"Nipunguze? Sauti niliyopunguza mwanzo ndiyo imezifikisha hapa! Jamani, kina mama, naomba mtoke hapo. Tokeni, nawaomba."

Kina mama walitazamana. Mmoja akasonya. Mwingine akasema huyu naye ametokea wapi, jua lote hili. Mng'aro akawahi.

"Msiogope, dada zangu, haya ni mambo ya kifamilia tu. Ana kinyongo na mimi. Hii ni alumini, ina mng'aro wake, haina kutu, mtaiacha kwa wajukuu."

Basi Mama Mistari akaikumbatia ile nguzo kwa mikono miwili, akaitikisa. Hakutumia nguvu nyingi. Ana mikono ya kusuka, si ya kubeba. Nguzo ikacheza. Kigae kikapiga kelele sakafuni, bati la juu likatetemeka lote, na yule kibarua akaruka kutoka kwenye ngazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapo kina mama walisimama kwa pamoja. Benchi likapinduka. Kulikuwa na vilio vya watoto, na miguu, na mabegi ya nepi, na kwa muda mfupi sana hakukuwa na mtu chini ya kile kivuli isipokuwa Mng'aro, naye akagundua, akapiga hatua mbili pembeni.

Nesi mkuu alimuona akipiga hatua hizo.

"Ni uongo," alisema Mng'aro. "Bado hazijakazwa. Baba, waambie. Waambie ilikuwa upepo."

Mzee alikuja mpaka alipo mwanawe. Alikuwa bado na simu ya nesi mkononi. Aliongea polepole, na watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Mwanangu, siku kadhaa kabla ya mvua ile nilikuambia ukuta unaachia. Nilikuonyesha ufa kwa kidole. Ukaniambia, baba, alumini ina sauti. Nikakaa palepale, kwa sababu wewe ndiye umesema." Akavuta pumzi. "Nikaja hapa nikamwambia nesi huyu ni upepo. Nikamwacha mke wa kaka yako aonekane mgomvi nyumbani kwake mwenyewe. Nilifikiri nimekuficha aibu ili upate nafasi ya kutengeneza. Kumbe nafasi niliyokupa umeitumia kupaka rangi."

"Baba, unaniaibisha mbele za watu."

"Ng'oa."

"Baba..."

"Nimesema ng'oa. Ukiona kazi, nitang'oa mimi kwa mkono huu ulioubakiza."

Kibarua ndiye aliyeanza. Alipanda ngazi bila kuambiwa mara ya pili na kuanza kufungua zile skrubu alizokuwa akizipiga. Hazikumpa shida.

*

Jioni mume alirudi akiwa amesikia kila kitu njiani. Habari za aina hiyo hazisubiri basi. Alisimama mlangoni, funguo mkononi.

"Sisemi umekosea," alianza. "Lakini si ungesubiri tuje tuliongelee nyumbani?"

Mama Mistari alikuwa anakata kitunguu. Aliweka kisu chini.

"Nyumbani tuliongea. Tulikaa hapo, mkaniambia nichukue jembe. Baba alisema yaishe, yakaisha, yakaenda kusimama juu ya vichanga vya watu. Unajua ninachokiona nikifumba macho? Sioni bega la baba. Namuona mtoto ambaye hata jina hajapewa. Halafu mama yake anakuja kuniuliza, ulikuwa unajua? Nimjibu nini? Kwamba nilijua, ila ni shemeji yangu? Undugu gani huo unaokula watoto wa wenzetu? Wewe asubuhi unakagua tairi za basi kabla hujapakia mtoto hata mmoja. Kwa nini kwa mdogo wako ukaguzi uwe ni uchokozi?"

Mume alikaa akamaliza kukata kile kitunguu, vibaya, vipande vikubwa vikubwa. Kisha akaenda chumbani kwa baba yake, wakaongea kwa sauti ya chini mpaka chakula kikapoa.

Mzee ndiye aliyeweka sharti. Alisema hatakula wala kunywa maji kwa kitinda mimba wake mpaka kila nguzo aliyoisimamisha mjini iwe imezama kwenye zege, na kila bati bovu limeshushwa. Mng'aro alipinga. Akanuna, akazima simu. Lakini kisa cha zahanati kilikuwa kimeshafika kwa wateja wake wengine, na wao hawakuwa na undugu wa kuwazuia. Walimfuata mpaka kwake. Mwishowe kaka yake ndiye aliyekwenda naye, siku ambazo hakuna shule, nyumba kwa nyumba, koleo na ndoo za zege kwenye basi la wanafunzi. Walikuta mapaa matatu yamekwisha kupinda. Chini ya moja palikuwa na kitanda cha bibi kipofu.

Zahanati ilipata kivuli chake kutoka kwenye ile karakana iliyomtengenezea Mama Mapazia, na Mama Mistari aliwapa kazi hao hao baadaye, kidogo kidogo, jinsi vidole vyake vilivyoruhusu. Mashimo yalipochimbwa alikuwa amesimama ukingoni. Zege lilipomwagwa alikuwa amesimama. Fundi alimtania kwamba akimaliza kusuka aje awe msimamizi wao.

Shangazi alikata mguu. Alisema hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo mwanamke ametikisa ukoo kama mnazi. Mama Mistari aliposikia alisema sawa, na ilimuuma, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakicheka pamoja.

Mng'aro alikuja mwenyewe, kofia hana, siku moja mchana. Alipiga magoti mbele ya baba yake, wakaongea, mzee akamwekea mkono wa kulia kichwani. Bega lilikuwa limepona, ila halikunyanyuka tena kama zamani. Kisha Mng'aro akatoka kwenda uani. Mama Mistari alikuwa anasuka. Shemeji akasimama hapo, mikono nyuma.

"Shemeji," alisema, "yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

Mama Mistari alimaliza msuko mmoja, akaufunga mwisho wake kwa uzi, akaukata kwa meno.

"Neno hilo ni langu," alisema. "Aliyeumizwa ndiye mwenye kulisema, akiwa tayari. Wewe huwezi kuja kulisema kwa niaba yangu. Wewe sema lako."

Mng'aro akatazama sakafu. Mteja akaacha hata kutafuna ubani. Neno lilichukua muda kumpanda kooni, na lilipotoka lilikuwa dogo na bovu bovu, lakini halikuwa na mng'aro wowote.

"Nilijua," alisema. "Nilijua ni chuma kibovu. Nisamehe."

"Nimesikia," alijibu Mama Mistari. Akachukua fungu lingine la nywele, akaligawa. "Nikiwa tayari nitakuambia."